Mita Mia Moja Si Uvivu wa Fundi



Katika kiwanda kimoja cha chai hapa kwetu Uganda, upande wa Toro, fundi mwenzetu anakatwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Anakatwa kwa kosa ambalo si lake, na aliyelifanya kosa hilo ndiye anayetia sahihi karatasi ya kumkata. Tungeweza kulinyamazia jambo hili, tukaliacha limalizwe na tawi lake. Lakini si la kwanza. Mashauri ya namna hii yametufikia kutoka shuleni, hospitalini na kwenye maghala, na yote yanafanana kama watoto wa mama mmoja: waya wa kompyuta ulivutwa mbali kuliko uwezo wake, kazi ikaharibika, akatafutwa mtu wa kulipa, akaonekana yule aliyepanda ngazi.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda kina banda la kupokelea majani ya chai, mahali ambapo wakulima wadogo huleta magunia yao kupimwa. Zamani karani alisoma mizani akaandika kilo kitabuni. Siku hizi mizani ni ya elektroniki, na menejimenti ilitaka kilo ziende moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi ya hesabu. Jambo zuri, hatulipingi. Fundi akaitwa, akaambiwa avute waya kutoka ofisini hadi bandani. Akapima kwa hatua zake, akarudi akasema kwamba umbali umepita mita 100 na waya wa kawaida hautafaa. Akashauri itafutwe faiba, au pawekwe swichi katikati, kwenye jengo la boila, ili waya ukomee hapo na mwingine uanze upya. Msimamizi akamjibu kwamba waya ni waya: kama umeme wa taa unafika bandani, na huu utafika. Likanunuliwa mjini boksi moja la waya, la bei rahisi kuliko yote yaliyokuwapo dukani, na fundi akapewa siku mbili.

Akavuta. Nani angekataa? Kazi ni yake na watoto ni wake.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, msimamizi akacheka na kusema kwamba mafundi hupenda kuwatisha watu. Wiki ya tatu waya ukaanza tabia yake. Asubuhi unafanya kazi, ikifika saa saba mchana unakatika, jioni unarudi. Kila ukikatika karani anarudi kwenye kitabu, na kila ukirudi anaandika upya kwenye kompyuta yale aliyoyaandika kitabuni. Wakulima wakaanza kulalamika kwamba kilo zao hazionekani. Makarani wa mizani wakawa wanabaki mpaka usiku kusahihisha hesabu, bila ovataimu. Kisha ikaja mvua ya radi. Ilipokwisha, swichi ya ofisini ilikuwa imeungua, na mtambo wa mizani ulikuwa umekufa. Wiki iliyofuata fundi akapewa barua. Ilisema amefanya kazi mbovu, na kwamba gharama ya vyombo hivyo viwili itatoka kwenye mshahara wake kidogo kidogo hadi iishe.

Sasa tuulize, kazi mbovu ilikuwa ya nani?

Waya tunaouzungumza ni ule wa jozi nne zilizosokotwa, unaobeba mawasiliano ya Ethaneti. Kanuni yake ni mita 100 kutoka chombo hadi chombo: mita 90 za waya uliotulia ukutani, darini au ndani ya bomba, na mita 10 za nyaya fupi za kuchomeka huku na huku. Kanuni hii haikutungwa na fundi mvivu. Mita 100 zimo katika viwango tangu mwaka 1990, Ethaneti ya waya uliosokotwa ilipopata kiwango chake rasmi, na viwanda vinavyotengeneza swichi na kompyuta huvitengeneza kwa kuufuata umbali huo.

Wapo watakaosema kwamba zamani waya ulikwenda mbali zaidi. Ni kweli. Ethaneti ilipobuniwa na akina Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973, ilipita katika waya mmoja wenye kiini katikati na ngao kuzunguka, jamaa ya ule wa antena ya televisheni. Kiwango cha mwaka 1983 kiliruhusu mita 500 kwa kipande kimoja cha waya mnene. Ukafuata mwembamba zaidi, mita 185. Ndipo ukaja huu wa jozi, mita 100. Kila hatua waya ulikuwa rahisi zaidi kuununua na kuuvuta, na kila hatua ulifupika.

Kuhusu hoja ya taa, tunataka kuijibu kwa utaratibu, maana tumeisikia kwa mabosi wengi na haitoki kwa ubaya siku zote. Umeme wa taa na umeme wa habari si kitu kimoja. Taa inataka nguvu tu, na ikipata pungufu inawaka hafifu, lakini inawaka. Habari za kompyuta ni mapigo mamilioni kwa mamilioni katika sekunde moja, na kila pigo halina budi kutambuliwa na chombo kilicho upande wa pili. Kadiri waya unavyorefuka mapigo yanadhoofika na kupoteza umbo lake, na jozi moja inaanza kusikia minong'ono ya jozi iliyo kando yake. Mwishowe chombo cha upande wa pili hakijui lipi ni pigo na ipi ni kelele. Habari iliyoharibika inatupwa, kompyuta inaomba irudiwe, ikirudiwa inaharibika tena. Aliyeketi mbele ya kompyuta anasema tu kwamba mtandao leo uko polepole.

Hoja nyingine ni hii: mbona kwa jirani waya wa mita 130 unafanya kazi? Hatutaki kumdanganya mtu, unaweza kufanya kazi. Waya mzuri wa shaba, mahali penye baridi, mbali na mota na nyaya za umeme, ukibeba biti milioni 10 au milioni 100 kwa sekunde badala ya bilioni moja, unaweza kuivuka kanuni na usilete matata kwa miaka. Mita 100 ni umbali ambao watengenezaji wameahidi kwamba habari zitafika hata hali ikiwa mbaya. Baada ya hapo hakuna ahadi. Lori lililoandikwa tani 7 linaweza kubeba tani 9 mwezi mzima, mpaka siku moja kwenye mteremko. Madereva wenzetu wanajua ni nani anayelala rumande siku hiyo, na wanajua kwamba si yule aliyetoa amri ya kupakia.

Na hapa kwetu hiyo hali mbaya haiko mbali. Iko juu ya vichwa vyetu, ni mabati. Zile mita 90 zimehesabiwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Waya ukipata joto, shaba yake inazidi kuupinga umeme na mapigo yanazidi kudhoofika, hata viwango vyenyewe vinataka urefu upunguzwe. Kwa joto la nyuzi 40 mita 90 hushuka hadi kama 84, na kwa nyuzi 60 hubaki kama 75. Waya wa mwenzetu ulipita chini ya bati la jengo la boila, mahali pasipo na dari. Saa saba mchana jua liko juu yake na boila liko chini yake. Halafu watu wanashangaa kwa nini unakatika saa saba na kurudi jioni! Hapakuwa na uchawi wala mkono wa mtu. Waya ule ulikuwa umevutwa karibu mara mbili ya kipimo chake, kisha ukapikwa.

Kisha lipo boksi lenyewe. Madukani siku hizi umejaa waya ulioandikwa majina mazuri, na ndani yake si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba. Viwango vya waya wa mtandao vinataka shaba tupu, kwa hiyo waya huo hauna haki ya kubeba jina la daraja lolote, lakini umeandikwa na unauzwa. Alumini hiyo huupinga umeme kuliko shaba kwa zaidi ya nusu. Ukiikunja mara mbili tatu inavunjika ndani ya ganda lake, na huioni. Nayo mambo huwa mabaya zaidi pale waya unapotakiwa kubeba na umeme wa kamera au wa simu ya mezani. Kiwango cha mwaka 2003 kinatoa wati 15.4 kwenye swichi na kuhesabu kwamba zitakazofika mwisho wa safari ni wati 12.95. Tofauti yake imeliwa na waya njiani, na hesabu hiyo ni ya mita 100 za shaba ya kweli. Weka alumini, weka mita 170, uone ni nini kitakachofika.

Kuutambua waya huo hakuhitaji mashine. Chukua kisu, paruza unyuzi mmoja. Ikitokea rangi nyeupe chini ya ile nyekundu, umekwisha kuijua. Au nyanyua boksi kabla ya kulipa. Boksi la kawaida lina mita 305, na fundi aliyekwisha kubeba ya shaba begani anajua uzito wake, kwa kuwa alumini haifiki hata theluthi ya uzito wa shaba. Fundi wa Toro alilinyanyua boksi lile akasema ni jepesi. Alijibiwa kwamba ashukuru, hatachoka.

Tufike kwenye radi, na hapa hatuzungumzi tena habari ya mshahara peke yake.

Sisi watu wa Maziwa Makuu tunakaa katika nchi ya radi. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihesabu mimweko ya radi duniani kote. Mahali pa kwanza palikuwa Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Mahali pa pili palikuwa kwa majirani zetu, Kabare katika Kivu ya Kusini, mimweko kama 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka mmoja. Nasi hapa Uganda hatujasahau mwezi Juni 2011, radi ilipopiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ikawaua watoto 18 na mwalimu wao.

Radi haihitaji kuupiga waya wenyewe. Ikipiga karibu, ardhi ya jengo moja na ardhi ya jengo jingine hazibaki sawa, na waya wa shaba uliofungwa majengo yote mawili unakuwa daraja. Swichi na kompyuta zina kinga ndani ya tundu la kuchomekea, inayotakiwa kustahimili volti 1500. Ni kinga nzuri kwa mambo ya kila siku, ila mbele ya radi ni kama mwavuli mbele ya mafuriko. Umeme ukivuka hapo unatafuta njia, na njia inaweza kuwa chombo, meza ya chuma, au mkono wa mtu. Katika kiwanda hiki mtu huyo ni karani wa mizani, na kando yake mkulima aliyeshika gunia lake. Siku ile mvua ilikuwa imemfukuza karani, amejikinga upande wa pili wa banda. Menejimenti inahesabu bei ya swichi na bei ya mtambo wa mizani. Sisi tunahesabu hatua alizokuwa mbali.

Kwa hiyo twasema wazi: waya wa shaba wa mtandao usivutwe kati ya jengo na jengo juu ya kiwanja, hata kama ni mita 60, ikiwa upo uwezo wa kufanya vingine. Na uwezo upo.

Mwaka 2009 nyaya za kioo za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Hii ya pili inatoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Kutoka Mombasa faiba ilikuja nchi kavu hadi Nairobi na hadi kwetu. Mwanga unasafiri chini ya bahari maelfu ya kilometa, unapanda mlima na kushuka bonde la ufa, halafu habari hizo zinashindwa kuvuka kiwanja cha kukusanyia chai! Faiba ya kawaida ya ndani ya majengo hubeba biti bilioni moja kwa sekunde hadi mita 550. Faiba ya aina ya pili, yenye kiini chembamba sana, hufika kilometa 10 kwa vyombo vya kawaida vinavyouzwa. Na kioo hakipitishi umeme. Radi ikipiga ofisini, bandani hakuna daraja la kuvukia. Angalieni tu aina mnayonunua, maana faiba nyingine imetiwa waya wa chuma wa kuishikilia au ganda la chuma la kuikinga na panya, na chuma hicho kikiachwa kimeunganisha majengo mawili bila kutiwa ardhini ipasavyo, tumerudi pale pale.

Tunaambiwa ni ghali. Faiba yenyewe, kwa mita mia mbili, sicho kinachogharimu sana. Gharama ni mtaro, bomba, vibadilishi viwili vya kugeuza mwanga kuwa umeme, na ujuzi. Mtaro utachimbwa na vibarua ambao kiwanda kinao tayari. Vibadilishi vinauzwa mjini. Na kwa umbali mfupi kama huu hata ile mashine ya kuunganishia kioo haihitajiki, kwa kuwa inapatikana faiba iliyokwisha kutiwa vichwa kiwandani. Unaagiza urefu wako na ziada kidogo, unaipitisha bombani kwa upole bila kuikunja kona kali, unachomeka. Usiangalie ndani ya kichwa chake wakati imewashwa, mwanga wake hauonekani lakini unadhuru jicho. Ukiikata, zile chembe za kioo usiziache mezani mtu akalia ugali hapo.

Njia nyingine zipo na hatuzidharau. Swichi katikati, kama alivyoshauri mwenzetu, ingeondoa tatizo la urefu, ingawa si la radi, na ingetaka umeme na kisanduku kisichoingiza vumbi la chai. Redio mbili zinazotazamana juu ya paa zinafaa mahali pasipochimbika. Tangu mwaka 2019 kipo pia kiwango cha Ethaneti ya jozi moja kinachofika mita 1000 kwa biti milioni 10 kwa sekunde, na mizani ya majani haihitaji zaidi ya hapo. Tunakitaja mapema ili msimamizi akikisoma mahali asije akasema kwamba fundi alimficha: huo ni waya mwingine na vyombo vingine, si boksi lile la alumini.

Linalotuudhi zaidi ni habari ya ujuzi. Katika sehemu nyingi faiba ikija huja na mkandarasi. Anafika na gari lake na mashine yake ndani ya sanduku, anafunga mlango, anafanya kazi siku moja, analipwa, anaondoka. Mafundi wa mahali hapo hawaruhusiwi hata kuona. Baada ya miezi mitatu buldoza inakata ule mtaro, na anayeitwa usiku wa manane ni yule yule ambaye hakuruhusiwa kuona. Akisema hajui, ni mjinga. Akigusa ikaharibika, ni barua. Watu hawa wamefanya kazi ya waya miaka kumi na mitano, tangu enzi za simu za mezani, na mafunzo ya wiki moja au mbili yangewatosha kwa kazi nyingi za kiwandani. Tumeomba mafunzo hayo kwa waajiri kadhaa. Jibu tunalopata ni kwamba ukimfundisha fundi ataondoka. Hatujapata kusikia mwajiri akiuliza itakuwaje asipomfundisha, naye akabaki.

Lakini tuseme ukweli, ndugu, na sisi tuna makosa yetu. Tumepanda darini mahali pengi na tumeona mambo ya aibu. Waya umepungukiwa mita tano, fundi ameunga kipande kwa kuzipota nyuzi kwa vidole na kuzifunga utepe mweusi, kisha amelitupa ungo hilo juu ya dari ambako halitaonekana. Nyaya ishirini zimefungwa fungu moja na waya wa umeme wa mota. Hakuna hata mmoja ulioandikwa jina. Wengine wetu tukiulizwa urefu tunakisia, na tukishaambiwa "vuta" tunanyamaza, tukidhani kwamba kunyamaza ni usalama. Mwenzetu wa Toro hakunyamaza, tena alisema vizuri. Kosa lake lilikuwa moja, alisema kwa mdomo. Alipofika mbele ya meneja, msimamizi alisema hakumbuki mazungumzo hayo.

Kwa sababu hiyo tunawaomba mafundi wote wanachama, kuanzia sasa, wasivute waya wowote unaozidi mita 90, wala unaotoka jengo moja kwenda jingine, kabla ya kuandika karatasi. Nusu ukurasa inatosha: unatoka wapi, unakwenda wapi, urefu ni kiasi gani, njia inapita wapi, fundi ameshauri nini, mwajiri ameamua nini. Nakala mbili, sahihi mbili. Msimamizi akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, tarehe na saa, umpe nakala mwakilishi wa tawi. Na msipime kwa hatua. Hatua hupima ardhi, lakini waya unapanda ukuta, unazunguka boila na kushuka tena. Waya una ushahidi wake wenyewe: kwenye ganda lake imeandikwa namba kila mita, au kila futi kwa baadhi ya viwanda. Soma namba ya mwanzo, soma namba ya mwisho, toa. Hakuna wakili anayeweza kubishana na hesabu hiyo.

Kwa upande wa Chama, tunataka jambo hili liingie katika mkataba wa hali bora za kazi, si libaki katika maneno ya mikutano. Mwajiri aliyechagua waya na kuchagua umbali kinyume cha ushauri wa fundi ndiye abebe hasara yake. Hili si jambo la kuomba kama zaka. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mkataba wa pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Barua ya msimamizi haimo katika hayo matatu. Vilevile tunataka iandikwe kwamba hakuna mfanyakazi atakayepanda paa au nguzo wakati radi inanguruma, kwa amri ya mtu yeyote. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa sababu ana haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini asiadhibiwe. Tuisome ibara hiyo, ya 13, katika mikutano ya matawi, maana wengi wetu hatujui kwamba ipo, na wasimamizi hawana haraka ya kutuambia.

Wapo wenzetu ndani ya Chama wanaoona kwamba tunashughulika na vitu vidogo, kwamba mishahara ya watu iko chini na sisi tunaandika habari za waya. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Fundi huyu alipandishiwa mshahara mwaka jana kwa juhudi za tawi, baada ya vikao sita. Makato ya mizani yamekula nyongeza yote na kugusa ule wa zamani. Makarani wale wanaobaki usiku bila malipo wamerudishwa nyuma na waya huo huo. Na mkulima anayepoteza kilo zake kwenye mtandao uliokatika hagombani na meneja. Anagombana na karani aliye mbele yake, ambaye ni mfanyakazi kama yeye, na pengine ni mtoto wa ndugu yake.

Shauri lilisikilizwa mara ya kwanza wiki iliyopita. Katibu wa tawi aliulizwa ana ushahidi gani, kwa kuwa karatasi haikuwapo. Akaweka mezani vipande viwili vya waya, kimoja kilichokatwa nyuma ya meza ya ofisi ya hesabu, kingine kilichokatwa bandani chini ya mizani. Cha kwanza kiliandikwa mita 291, cha pili mita 119. Meneja alichukua kalamu akatoa mwenyewe, akapata 172. Akaviomba vile vipande aviangalie, akakiparuza kimoja kwa ukucha, akakitazama kwa muda bila kusema neno. Kisha akasema kikao kiahirishwe wiki mbili ili ashauriane na makao makuu. Makato ya mwezi huu yalikuwa yamekwisha kupita, na bandani mpaka tunapoandika haya karani anasoma mizani ya zamani kwa macho, anaandika kitabuni.